Kompyuta ya Mezani Inayojizima na Kujiwasha: Tuanze na Umeme Kabla ya Kupiga Windows

Mada kwa semina ya walimu wa TEHAMA na wasimamizi wa maabara za kompyuta shuleni



Malalamiko anayopelekewa fundi huwa mafupi: kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe. Jibu la mafundi wengi nalo ni fupi: tupige Windows. Diski inafutwa, alama za wanafunzi na mitihani ya miaka iliyopita vinapotea, mashine inarudishwa shuleni, na haichukui siku nyingi inajizima tena. Mada hii inapinga mazoea hayo. Chanzo cha tatizo hili kinaweza kutafutwa kwa utaratibu hadi kikapatikana, na katika maabara zetu utaratibu huo uanzie kwenye umeme.

Inajizima ikiwa wapi?

Kabla ya kushika bisibisi, tutenganishe vifaa na programu. Washa kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya BIOS (kwa mashine nyingi kitufe ni F2, F10 au Delete), kisha iache hapo hata saa nzima. Katika ukurasa huo Windows haijapakiwa kabisa. Mashine ikijizima hapo, hakuna sababu yoyote ya kuigusa diski. Isipojizima, usiviondolee vifaa lawama mapema, kwa kuwa BIOS haiipi prosesa kazi nzito. Iwashe kwa Linux iliyo kwenye flashi, fungua video na kurasa nyingi kwa pamoja, uangalie. Ikitulia kwenye Linux na kujizima kwenye Windows tu, sasa tunaweza kuzungumza habari za draiva, programu na virusi. Programu nazo zinaweza kuleta balaa hili: Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilikuwa kikizilazimisha kompyuta za Windows XP kujizima baada ya kuhesabu sekunde 60.

Windows yenyewe huficha ushahidi. Tangu enzi za XP imepangwa kujiwasha upya kila inapopata hitilafu kubwa, hivyo skrini ya bluu hupita kabla mtu hajasoma chochote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Baada ya hapo hitilafu ikitokea, maandishi yatabaki kwenye skrini na utaweza kuyapiga picha kwa simu.

Fungua pia Event Viewer, sehemu ya System, utazame saa ileile mashine ilipojizima. Namba 1074 maana yake kuna mtu au programu iliyoamuru mashine izimwe, na mara nyingi ni masasisho ya Windows. Namba 1001 yenye neno BugCheck inakuja na msimbo wa hitilafu, na huo ndio wa kuufuatilia. Namba 41 ya Kernel-Power ndiyo inayowapotosha wengi. Wanaiona, wanasoma neno Power, wanakimbilia dukani kununua pawasaplai. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Ila ikiwa peke yake, na thamani ya BugcheckCode ndani yake ni 0, basi Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na hapo macho yageukie umeme, joto na vitufe.

Umeme

Pawasaplai hupokea volti 230 kutoka ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3. Pamoja na hizo hupeleka kwenye madabodi, kwa waya wa kijivu, ishara ya kusema umeme uko sawa. Ishara hiyo ikianguka, madabodi husimamisha kila kitu, na ikirejea mashine huanza upya. Kwa viwango vya ATX, pawasaplai hutakiwa kuhimili umeme uliokatika kwa takribani milisekunde 16 tu. Wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 huchukua milisekunde 20. Kwa hiyo pengo lisilofikia hata wimbi zima, ambalo kwenye taa pengine usilione, linatosha kuiangusha kompyuta. Pawasaplai iliyozeeka huhimili muda mfupi zaidi, na ndiyo maana kwenye safu moja ya meza mashine mbili hujizima huku nyingine zikiendelea na kazi.

Chunguzeni kilichomo kwenye laini hiyohiyo. Printa ya leza hupasha moto rola yake kwa mamia ya wati, wakati mwingine zaidi ya elfu moja, na kila inapoamka volti hushuka. Ikiwa imechomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta, mmepata mtuhumiwa wa kwanza. Pampu ya maji na mashine ya kuchomelea hufanya vivyo hivyo. Printa hiyo isichomekwe kwenye UPS pia. Na UPS isiaminiwe kwa sababu tu inawaka taa ya kijani: betri yake ya risasi huishi miaka 3 hadi 5, na joto hupunguza muda huo. Ijaribuni kwa balbu ya kizamani ya wati 100: ichomekeni kwenye UPS, kisha chomoeni UPS ukutani. Balbu ikizimika papo hapo, betri imekwisha.

Mwenye multimita apime mashine ikiwa kazini. Waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Vipimo vizuri navyo havimalizi shaka, kwani multimita haioni mshuko wa milisekunde chache. Jaribio la kuaminika ni kuweka pawasaplai nyingine mnayojua ni nzima. Msiifungue pawasaplai yenyewe: ndani yake kapasita zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Tukiwa tumefungua kasha, tutazame kapasita za madabodi. Kichwa cha kila moja kinapaswa kuwa bapa. Kikivimba au kuvuja maji ya kahawia, madabodi inaelekea mwisho. Miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita mbovu ziliingia katika kompyuta za kampuni nyingi, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya tatizo hilo, hasa katika OptiPlex. Shule zinazopokea mashine za mtumba au za msaada zikague kwanza hapo.

Yaliyobaki ni mepesi zaidi. Joto kwa kawaida huizima mashine baada ya muda wa kazi nzito: pulizeni vumbi kwa blowa mkiwa nje, mkishikilia feni isizunguke, na pesti ya prosesa iliyokauka ibadilishwe. RAM jaribuni kijiti kimoja kimoja, kisha acheni MemTest86 ifanye kazi usiku kucha. Kitufe cha riseti kilichokwama chomoeni waya wake kwenye madabodi. Kompyuta hufanya kazi bila hicho. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua kilichoponya.

Naomba kila maabara ifungue daftari la mashine. Kompyuta ikijizima, andikeni tarehe, saa na dakika, kazi iliyokuwa ikifanyika, na vifaa vingine vilivyokuwa vimewashwa. Fundi akisema tupige Windows, mwombeni kwanza awaonyeshe namba ya hitilafu aliyoiona, na msimkabidhi mashine kabla ya kunakili kazi za wanafunzi kwenye diski nyingine.