Picha Nyepesi Humfikia Rubani Mapema

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Sumbawanga)



Ndege ndogo ikibeba mgonjwa kutoka hapa Sumbawanga kwenda Mbeya, safari ni ya saa moja hivi. Wengi wenu mnaijua Lyamba lya Mfipa. Sisi huku juu tuko karibu mita 1,800, na Ziwa Rukwa liko chini, karibu mita 800. Kati ya Novemba na Aprili mawingu ya mvua hujikusanya haraka kwenye ukingo huo, na ndege ndogo nyingi hazina rada. Rubani anahitaji kuliona wingu kabla ya kulifikia.

Picha zipo. Setilaiti za Meteosat za kizazi cha pili, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2002, hupiga picha ya Afrika kila dakika 15. Za kizazi cha tatu, kuanzia ile ya Desemba 2022, kila dakika 10. Shida ni kuifikisha picha angani. Laini ya kawaida ya Iridium, mtandao wa simu za setilaiti ulioanza huduma mwaka 1998, hupitisha biti 2,400 tu kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 300 huchukua sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17. Ndege inayokwenda kilomita 240 kwa saa imekwisha kusonga kilomita 67. Picha inafika, na rubani pengine yumo ndani ya wingu alilokuwa akiliulizia.

Laini za kasi zaidi zipo siku hizi, lakini gharama yake ni mzigo kwa mwenye ndege moja. Dawa ya bei nafuu iko huku chini, kwenye seva. Mkulima wa Ufipa hapeleki mahindi sokoni pamoja na magunzi, hupukuchua kwanza. Seva nayo ipukuchue:

1. Ikate eneo la safari tu, si Afrika nzima.

2. Ipunguze rangi. Rangi 16 zinatosha kutenganisha wingu jepesi na wingu la radi.

3. Ramani ya ziwa na milima ikae tayari katika kompyuta ya rubani. Yatumwe mawingu peke yake.

4. Picha iandaliwe mapema, rubani asisubiri ichorwe. Kama haijabadilika, seva imjibu hivyo tu.

Picha ikibaki kilobaiti 15, hufika kwa sekunde 50.

Nina tahadhari mbili. Saa ya kupigwa picha iandikwe juu yake siku zote, maana picha ya zamani inayofika haraka humpotosha rubani. Pia tusipunguze mpaka wingu la radi likapotea. Na picha haichukui nafasi ya taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, wala ya uamuzi wa rubani kugeuza ndege.

Kwa hiyo, ndugu wafadhili, bajeti ya ndege ikifika mbele yenu, msiulize bei ya vifaa vya angani tu. Ulizeni pia: nani anaipunguza picha huku chini? Nanyi wajumbe wa sharika, hesabu ni ileile kwa simu ya mkulima aliye kijijini kwenye mtandao dhaifu. Ramani nyepesi humfikia kabla ya mvua.