Pampu ya Kuoshea Boti Gatini: Soma Kibandiko Kabla ya Kulipa



Chumvi ikikaukia kwenye boti hula vyuma. Damu ya samaki ikikaukia huleta uvundo na nzi. Ndiyo maana wengi wenu mmechoka na ndoo na sasa mnatafuta pampu. Leo tunaeleza namna ya kuichagua na kuifunga, ili fedha yenu isipotee, wala uhai wa mtu usipotee.

Tuanze na uhai. Umeme wa nyumbani una volti 230. Mtu aliyesimama kwenye gati lililolowa akigusa waya uliochubuka anaweza kufa kabla mwenzake hajaifikia swichi. Kwa hiyo hatushauri kuvuta waya wa umeme kutoka nyumbani au dukani hadi majini. Pampu ya volti 12, inayotumia betri ya gari, yatosha kwa kazi hii, na hatari yake ya kumpiga mtu ni ndogo mno.

Dukani mtakuta aina mbili. Ya kwanza ni pampu ya kuzamisha majini, ile inayotumika kutoa maji ndani ya boti. Hutoa maji mengi, lakini hayana kasi, yafaa kusuuzia. Ya pili ni pampu ya presha, inayokaa juu na kuvuta maji kwa mpira. Hutoa maji machache zaidi, ila kwa nguvu ya kung'oa magamba na matope. Anayetaka nguvu akinunua ya kwanza kwa sababu tu kibandiko kinataja lita nyingi, atajuta.

Hizo lita nazo zahitaji kusomwa kwa makini. Pampu iliyoandikwa galoni 500 kwa saa, yaani takriban lita 1,900, kwa kawaida imepimwa bila kupandisha maji. Kadiri maji yanavyopanda, ndivyo yanavyopungua. Tafuteni kwenye kibandiko kimo cha juu kabisa: hapo pampu haitoi hata tone. Katika pwani yetu, wakati wa bamvu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa yaweza kuzidi mita 3. Pampu ikiwa majini na anayeosha akiwa juu ya gati, maji yakipwa kimo huongezeka. Funga pampu na betri kwenye boti yenyewe, nayo itapanda na kushuka pamoja na maji; kimo kitabaki kilekile.

Sasa ufungaji. Kwanza, weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, ya ampea zilizotajwa na mtengenezaji. Betri haimpigi mtu kirahisi, lakini nyaya zikigusana bila fyuzi huwaka moto. Pili, tazama rangi: katika pampu nyingi za boti waya wa chanya ni wa kahawia, na mweusi ni hasi. Tatu, maungio ya nyaya yakae juu ya maji na yazibwe vizuri. Nne, betri ikae mbali na petroli, kwa kuwa cheche ni kitu kidogo chenye madhara makubwa. Tano, weka chujio mdomoni mwa pampu, usiiache izunguke bila maji, na ukimaliza isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kuhusu chaji, hesabu ni nyepesi. Pampu inayovuta ampea 3, ikitumia nusu ya betri ya ampea-saa 40, itafanya kazi kwa zaidi ya saa 6. Msizidishe nusu hiyo; betri ya gari huharibika ikikamuliwa mno.

Mwisho, haki yenu. Mwambie muuzaji kazi unayoikusudia, ijaribuni pampu mbele yake, kisha udai risiti yenye jina la bidhaa na muda wa dhamana. Maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" hayamwondolei muuzaji wajibu wake: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi aliyeuziwa bidhaa isiyofaa. Anza kwa muuzaji. Akikataa, leta malalamiko pamoja na risiti. Bila risiti, haki huwa ngumu kuithibitisha.