Siku ya Ukungu Katika Mji wa London

(Maneno ya ndugu mmoja wa gangi ya njia ya reli, aliyoyasema mbele ya mkutano wa tawi aliporudi kutoka masomo ya chama Uingereza. Yamepigwa chapa kwa ombi la wanachama.)



Habari za masomo mliyonituma nilizitoa katika mkutano uliopita, na karatasi zake anazo Katibu. Leo nimeombwa nieleze mji wenyewe wa London, maana kila nipitapo naulizwa, "Uliona nini huko?" Nilipewa siku moja tu ya kutembea, Jumapili ya mwezi wa Novemba, na siku hiyo ukungu ulikuwa mzito hata mtu aliye hatua thelathini mbele yako ni kivuli. Ninyi mliofanya kazi Limuru au Timboroa mnaujua ukungu. Basi fikirini ukungu wa Timboroa umeshuka juu ya mji wa watu karibu milioni tisa, na baridi yake inapenya viatu kutoka chini.

Nilitoka mapema. Ndani ya basi hapakuwa na kondakta. Makondakta wa mabasi ya kawaida waliondolewa mwaka 2005, na tangu 2014 dereva hapokei hata senti mkononi. Unagusisha kadi kwenye kisanduku, basi. Abiria wenzangu saa ile walikuwa watu wa kufagia na kuosha maofisi, wengi wao weusi kama mimi, wamelala wakiwa wamekaa, mifuko magotini. Mama mmoja wa Ghana akaniuliza naenda kazi gani Jumapili. Nikamwambia naenda kutazama mji. Akacheka sana, akasema, "Leo, mwanangu? Mji wenyewe haujaamka."

Nikafika daraja la Westminster. Hapa ndipo kila mgeni hupigwa picha na ule mnara wa saa. Mnara una urefu wa mita 96, nami nilisimama karibu yake nisione ila ukuta wa chini unaopotea juu kama mti wa mlimani. Jina la Big Ben ni la kengele kubwa iliyo ndani. Mnara wenyewe umeitwa Elizabeth tangu 2012. Kengele ina uzito wa zaidi ya tani 13, nayo inalia tangu mwaka 1859. Ikalia juu ya kichwa changu mara tisa, sauti inatoka katika pamba tupu. (Kwa Waingereza ni saa tisa, kwetu ni saa tatu. Mtu wa reli asiyejua hesabu hiyo ataikosa treni yake.) Ng'ambo ya mto kuna gurudumu kubwa la kupandisha watu wautazame mji kutoka mita 135 juu. Nilimwuliza askari wa mlangoni kama huko juu kunaonekana kitu. Akanijibu kwa uungwana kwamba nitaona weupe ule ule, ila kwa fedha zaidi. Fedha zile zilikuwa zenu, ndugu, kwa hiyo sikupanda.

Nikafuata mto Thames kwa miguu mpaka Tower Hill, mwendo wa saa moja na zaidi. Watalii huenda pale kutazama ngome ya wafalme. Mimi nilikwenda kwa sababu ya mwaka 1889. Makuli wa bandari ya London walikuwa wakisimama mlangoni kila asubuhi wakigombea kuchaguliwa, na aliyechaguliwa aliajiriwa kwa saa, pengine saa mbili tu. Mwezi wa Agosti wakagoma, wakitaka peni sita kwa saa. Ben Tillett, Tom Mann na John Burns ndio waliowaongoza, na pale Tower Hill walihutubia maelfu. Njaa ikawabana. Ndipo zikaja fedha kutoka kwa wafanya kazi wa Australia, zaidi ya pauni 30,000, watu ambao hawajapata kuwaona hata kwa picha. Baada ya majuma matano wakazipata peni zao sita. Nilisimama pale nikawakumbuka wazee wetu wa Mombasa na mgomo wao wa mwaka 1947. Hao nao wangeshukuru kupata rafiki mwenye mfuko kama huo.

Sasa nije kwenye jambo lililonipeleka mbali na mto. Kutoka Tower Hill niliingia treni ya chini ya ardhi, nikabadili njiani, nikaenda mpaka mwisho wa njia upande wa kaskazini-magharibi, stesheni ya Harrow na Wealdstone, kama maili 11 kutoka stesheni kuu ya Euston. Hakuna mtalii aendaye huko. Mwalimu wetu mmoja, dereva mstaafu, ndiye aliyeniambia: "Kama wewe ni mtu wa reli, nenda siku ya ukungu."

Tarehe 8 Oktoba 1952, asubuhi, treni ya abiria wa karibu ilikuwa imesimama katika stesheni ile, imejaa watu waendao kazini London. Baadhi yao walikuwa wafanya kazi wa reli, makarani wa ofisi za Euston. Ukungu ulikuwa umeanza kuondoka, lakini ulikuwa bado umeachwa vipande vipande njiani. Treni ya usiku kutoka Perth, Scotland, ilikuwa imechelewa. Ikapita ishara ya tahadhari, ikapita na ishara mbili za kusimama, ikaingia nyuma ya ile iliyosimama, saa mbili na dakika 19. Kabla watu hawajapata nafasi ya kupiga yowe mara ya pili, treni ya tatu iendayo Liverpool, yenye injini mbili, ikatoka upande wa pili kwa mwendo mkubwa ikavamia mabehewa yaliyoanguka njiani. Watu 112 walikufa. Dereva wa Perth na mtia makaa wake walikufa pia, na kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa nini hawakuziona ishara.

Liko jambo moja la siku ile ambalo nataka mama zetu walisikie. Kati ya waliokuja kuokoa alikuwemo mwuguzi wa jeshi la anga la Marekani, mwanamke mweusi, jina lake Abbie Sweetwine. Watu wamelala chini kwa mamia, nani ashughulikiwe kwanza, nani amekwisha kupewa dawa? Akatoa rangi yake ya mdomo, akawa anawaandika alama majeruhi, ili wa nyuma yake wajue. Magazeti yakamwita malaika wa jukwaa la sita.

Mwaka ule ule, tarehe 5 mpaka 9 Desemba, London ilifunikwa na ukungu mbaya kuliko wote. Upepo ulikufa, hewa ya baridi ikakaa chini kama chini ya kifuniko cha sufuria, na moshi wa makaa ya mawe wa nyumba, viwanda na injini ukakosa pa kutokea. Makondakta walitembea mbele ya mabasi wakishika taa. Watu kiasi cha 4,000 walihesabiwa kuwa wamekufa, na wataalamu wa baadaye wanasema huenda walifika 12,000. Sheria ya hewa safi ikaja mwaka 1956. Kwa sababu hiyo ukungu nilioupumua mimi ulikuwa mweupe, wa maji tu, usio na harufu.

Lakini kwa reli swali lilikuwa jingine: dereva afanyeje asipoiona ishara? Kazi hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya watu wa gangi, watu kama mimi. Ukungu ukishuka, mnyapara alibisha milango usiku, wakatoka kitandani, kila mmoja akasimame chini ya ishara yake na taa na fataki. Fataki ile, ambayo ilibuniwa mwaka 1841, ni kama kopo dogo la rangi ya viatu. Hufungwa juu ya reli, gurudumu likilikanyaga hulia kama bunduki, dereva akajua. Mtu alisimama pale mpaka ukungu uondoke.

Na mashine pia ilikuwapo! Kampuni ya Great Western ilianza mwaka 1906 kutumia chombo cha njiani kinacholiza kengele ndani ya injini njia ikiwa wazi, na king'ora ikiwa ya tahadhari. Dereva asipoitikia, breki hujifunga zenyewe. Tangu 1906 mpaka 1952 ni miaka 46. Njia ile ya Harrow haikuwa nacho. Baada ya ajali wakaanza kuweka chombo cha namna hiyo katika njia nyingine, polepole. Tarehe 4 Desemba 1957, jioni ya ukungu huko Lewisham, treni nyingine ikapita ishara za tahadhari, na daraja likaangukia mabehewa: watu 90. Huko nako kilikuwa hakijafika.

Nje ya ukuta wa stesheni ya Harrow kuna ubao wa ukumbusho, uliowekwa mwaka 2002. Nilikaa mbele yake nikitetemeka kwa baridi. Treni ya kasi ikapita ndani ya ukungu, niliisikia, sikuiona.

Ndugu Mwenyekiti, katika madai yetu ya mwaka huu jambo la sita ni taa, makoti na fataki za kutosha kwa gangi za milimani. Katika mkutano uliopita walikuwako waliotaka lifutwe, wakisema linatupunguzia nguvu katika shauri la mshahara, na tena dereva wa leo ana redio. Mimi nautaka mshahara kama wao, nina watoto wanne. Naomba tu shauri hilo lipigiwe kura leo waziwazi, kwa kuinua mikono, na wa Timboroa waulizwe kwanza. Picha ya ubao ninayo hapa, ipitisheni.