Chumba Kidogo cha Mama wa Shunemu: Neno kwa Mwenye Kujenga na kwa Fundi

Masomo: 2 Wafalme 4:8-10, Yeremia 22:13, Yeremia 32:6-14, Kumbukumbu la Torati 22:8

 

Kiangazi kikifika, mji wetu wote unageuka shantie. Toka Kalundu mpaka Kavimvira unasikia nyundo, unaona lundo za mawe na mchanga kando ya barabara. Na wengi hawajengi nyumba mpya. Wanaongeza. Mtoto ameoa, wazazi wamezeeka, ndugu amekimbia vita huko milimani na amekuja na watoto sita, au mama mjane anatafuta chumba cha kupangisha ili alipe masomo. Uvira ni mji mwembamba: ziwa upande huu, milima ya Mitumba upande ule. Basi tunajibana katika parseli ile ile, tunajenga anekse.

Je, Neno la Mungu lina la kusema juu ya anekse? Ndiyo, wapendwa. Katika 2 Wafalme 4 kuna mama wa Shunemu. Nabii Elisha alikuwa akipita kwake na kula chakula. Mama yule akaona hitaji, akataka kuongeza chumba juu ya nyumba.

Angalieni namna alivyoanza. Kwanza, alizungumza na mume wake. Alikuwa mama mwenye mali, lakini hakuita fundi kwa siri, na hakumshitukiza mume kwa deni la mabati. Pili, alijua chumba ni cha nani na ni cha kazi gani. Tatu, alikipima: chumba kidogo, kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Alihesabu vitu vinne, akakimaliza, nabii akalala humo. Wengi wetu tunaanza vyumba vinne na hatumalizi hata kimoja. Ukuta unanyeshewa mvua miaka mitatu, matofali yanaota majani, na watoto bado wanalala sebuleni.

Ndiyo maana Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu. Kuketi na kuhesabu si kukosa imani, maana Bwana mwenyewe ndiye aliyelifundisha. Chukua daftari. Andika mawe, mchanga, matofali, simenti, vyuma, mbao, mabati, misumari, mlango, dirisha, feza ya fundi na ya wasaidizi wake. Kisha weka akiba kando, kwa sababu ninyi mnajua: barabara ya Bukavu ikifungwa au meli zikichelewa, mfuko wa simenti haubaki na bei ya jana.

Tena muulize fundi mwenye ujuzi juu ya nyumba ya zamani kabla ya kuibebesha mzigo mpya. Msingi wa zamani umekwisha kutulia udongoni. Msingi mpya bado utashuka kidogo. Ukibandika ukuta mpya juu ya ule wa zamani bila kufikiri, ufa utaonekana pale pale vinapokutana, na mvua itapita hapo. Na sisi tunakaa katika bonde ambalo ardhi yake hutetemeka. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko kubwa lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie. Februari 2008 likaja lingine upande wa Bukavu. Mkanda wa beto unaofunga kuta zote juu, ule mnaouita shenaji, si urembo. Usiukate ili upate feza ya rangi.

Sasa nifike mahali penye maumivu. Wachungaji na wazee wa kanisa wanaletewa kesi nyingi, na nyingi ni za namna hii. Mwenye nyumba anasema: "Nilimpa avansi, akanunua vyake, akapotea." Fundi anasema: "Nilimaliza ukuta, akaongeza kazi juu ya kazi, na feza hakuongeza." Wote wawili wanashiriki meza ya Bwana. Ukiwauliza, "Karatasi iko wapi?" wanajibu, "Mchungaji, sisi ni ndugu katika Bwana, tulipatana kwa mdomo." Leo ndugu hao hawasalimiani tena, na wake zao wanakaa mbalimbali katika ibada.

Soma Yeremia 32. Nabii Yeremia alinunua shamba Anathothi. Aliyemwuzia alikuwa Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo. Na Mungu mwenyewe alikuwa amemwambia anunue. Je, kulikuwa na haja ya karatasi? Jamaa, tena neno la Bwana! Lakini Yeremia alipima feza shekeli 17 kwa mizani, akaandika hati, akaita mashahidi, akaitia muhuri, akaagiza ihifadhiwe katika chombo cha udongo ili idumu. Kama nabii aliandikiana na jamaa yake, wewe unaogopa nini kuandikiana na shemasi? Karatasi haifukuzi upendo. Karatasi inaulinda upendo siku ambayo kumbukumbu zinapishana.

Basi andikeni, hata ukurasa mmoja wa daftari. Kazi ni ipi: chumba cha mita ngapi, ukuta wa kimo gani. Nani ananunua simenti, na nani anailinda usiku. Bei ni kiasi gani, dola au franka. Malipo yagawanywe kufuata kazi: sehemu msingi ukiisha, sehemu ukuta ukifika juu ya madirisha, sehemu mabati yakiwekwa, na sehemu ya mwisho kazi ikikaguliwa. Mkibadilisha jambo katikati ya safari, liandikeni siku hiyo hiyo. Wote watie sahihi, na shahidi mmoja kila upande. Na tazameni hati za parseli kwanza. Tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi ya nchi yetu ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia. Usipeleke simenti yako mahali ambapo haki yako haijulikani, na uombe ruhusa ya kujenga kwa wanaohusika.

Kwa mwenye nyumba nina neno la Yeremia 22:13. Mfalme Yehoyakimu alijijengea jumba kubwa lenye vyumba vya juu, lakini aliwatumikisha watu bila mshahara, na Mungu akamtamkia ole. Ona tofauti: mama wa Shunemu alijenga chumba cha juu, na Yehoyakimu vilevile alijenga vyumba vya juu. Kimoja kilileta baraka hata mama tasa akapata mtoto. Vingine vilileta ole. Tofauti haikuwa matofali. Wakumbuke na wale ambao majina yao hayamo katika mkataba: mama anayebeba mchanga na mawe kwa mgongo toka mtoni, na kijana anayekoroga beto. Kumbukumbu la Torati 24 inasema kibarua alipwe kabla jua halijazama, maana roho yake inautegemea mshahara ule. Usiseme, "Nilimlipa masoni, yeye ataona na wake." Uliza kabla ya kulala: mama wa mchanga amelipwa? Watoto wake wanangojea unga wa jioni hii.

Nasi makanisa tusikie. Tusimwite fundi kwenye jengo la ibada halafu, kazi ikiisha, tumwambie kwamba ilikuwa ya Mungu. Katika 2 Wafalme 12, hekalu lilipokarabatiwa, maseremala, waashi na wachonga mawe walilipwa kwa feza. Anayetaka kujitolea na ajitolee, lakini aseme yeye mwenyewe, tena mwanzoni.

Kwa fundi nina neno pia. Biblia inashuhudia kwamba katika siku za Yosia, wasimamizi wa kazi ya hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu. Huo ni ushuhuda mkubwa kuliko kuimba katika kwaya. Ukipunguza simenti na kuongeza mchanga ili mfuko uliobaki uuze jioni, mwenye nyumba haoni. Anaona siku ukuta unapomwangukia mtoto. Ukipokea avansi ya huyu ili umalize kazi ya yule, umekwisha kuwaibia wawili. Ukiwa na shantie tatu, useme ukweli. Ndiyo yako iwe ndiyo.

Mwisho, wapendwa, jirani. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye kujenga aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mungu anakuhesabia usalama wa mtu mwingine ndani ya ramani yako. Kwetu Uvira, ukingo huo ni maji. Hakuna aliyesahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika: watu wengi walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Na miaka hii tumeona Tanganyika ikipanda na kuingia nyumbani mwa watu, hasa mwaka 2024. Mvua ni ya Mungu, lakini anekse iliyoziba mtaro ni ya mtu. Ukisukuma ukuta wako mpaka kingo za Mulongwe au Kalimabenge, maji hayapotei. Yanatafuta mlango wa jirani. Afadhali chumba kipungue mita moja kuliko ulale pakavu huku jirani amebeba watoto mabegani gizani.

Wiki hii nakuomba jambo moja. Kama kuna fundi unayemdai, au mwenye nyumba unayemkwepa barabarani, nenda kwake kabla ya Jumapili. Chukua shahidi mmoja mwenye hekima, hesabuni pamoja, na kinachobaki mkigawe kwa tarehe mlizoandika.

Tuombe. Baba, wewe unayejenga nyumba isiyotikisika, utuhurumie. Wape mwenye kujenga moyo wa haki na fundi mikono ya uaminifu. Mama aliyebeba mchanga bila kulipwa, kilio chake kimefika masikioni mwako, utuamshe tumlipe. Linda kila parseli kando ya mito na kando ya ziwa, na kila chumba tunachoongeza kiwe mahali ambapo mtumishi wako angeweza kulala kwa amani. Katika jina la Yesu. Amina.