DUKA LIULIZE KADI, SINDANO IBAKI ZAHANATI

(Ifuatayo ni hotuba ya mwandishi wetu wa kujitegemea kwa vijana wa Kashozi)

Nina swali moja tu: je, muuza dawa aruhusiwe kumchanja mtoto wako?

Ukiisikia mara ya kwanza, hoja hii ni tamu. Duka liko jirani, liko wazi hadi usiku, foleni hakuna. Zahanati inafungwa alasiri, na mama akifika pengine anaambiwa: "Rudi wiki ijayo." Serikali ya Marekani iliwaruhusu wafamasia kuchanja watoto nchi nzima Agosti 2020, wakati wa Korona. Kwa nini sisi tusubiri?

Tusikurupuke. Marekani waliruhusu mtoto wa miaka 3 hadi 18. Kwetu mtoto huanza na chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio akizaliwa, anarudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Karibu kazi yote imekwisha kabla hajatimiza miaka 2! Na mfamasia wao, pamoja na elimu yake ya chuo kikuu, alitakiwa awe amefunzwa kuchanja kwa saa zisizopungua 20.

Sisi vijijini tunachokutana nacho zaidi ni duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Mtoa dawa wake amefunzwa wiki chache. Ana orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Kuchoma sindano si kazi yake.

Sasa ile "rudi wiki ijayo" inatoka wapi? Chupa ya kawaida ya chanjo ya surua ina dozi 10, ya kifua kikuu 20. Ikishachanganywa na maji yake, mwisho wake ni saa 6. Baada ya hapo inatupwa, hata kama amechanjwa mtoto mmoja. Ndiyo maana nesi husubiri watoto wakusanyike. Dukani atakuja mmoja asubuhi na mwingine jioni. Mwenye duka mwaminifu atamwaga dozi 9. Mwenye tamaa ataiweka chupa hadi kesho.

Msidhani natia chumvi. Mei 2017, huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Uchunguzi ulikuta bomba moja la sindano lilitumika kwa siku zote 4 za kampeni, na dawa haikuwekwa kwenye baridi. Chanjo yenyewe haikuwa mbovu. Walioua ni uzembe na watu wasiofunzwa, tena katika kampeni rasmi! Mkoa wetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa 1983, hauhitaji kuhubiriwa hatari ya sindano moja kwa watu wengi.

Lakini asije mtu akasema naitetea serikali. Mwaka 1993 ilileta uchangiaji wa matibabu, na mlalahoi akazoea kuandikiwa karatasi akanunue dawa dukani. Chanjo za watoto ni bure. Zikihamia dukani, mwenye duka atakula wapi? Ataomba "ya soda", na asiye na ya soda mwanawe atabaki bila kinga. Tusiwaache vigogo wamtwishe mchuuzi mzigo wao, halafu wauite maendeleo.

Tunachodai ni hiki. Zahanati iwe na friji inayofanya kazi na nesi wa kutosha. Siku ya chanjo ibandikwe mlangoni, na siku hiyo chupa ifunguliwe hata akija mtoto mmoja. Dozi 9 zikimwagika ni nafuu kuliko jeneza dogo. Na mtoa dawa apewe kazi anayoiweza: akiletewa mtoto mwenye homa, aulize kadi ya kliniki. Akiona chanjo imerukwa, amwelekeze mzazi zahanati. Hilo halihitaji sindano wala friji.

Na sisi wanaume je? Msimamo wa ligi tunaujua kwa kichwa, mechi za Kaitaba hatukosi. Ni wangapi hapa wanajua tarehe ya surua ya mtoto wao? Tumeifanya kliniki kuwa shughuli ya akina mama, halafu tunashangaa nesi akimfokea mama peke yake.

Kesho, kabla hujawasha pikipiki, iombe ile kadi uisome. Ukikuta pengo, wapakie mama na mwana hadi zahanati. Mkiambiwa mrudi wiki ijayo, uliza siku gani, iandike, na siku hiyo uwepo. Ikipita bila chanjo, nendeni wote kwa diwani mkamuulize kulikoni.