Mimba Changa na Mama Asiye na Nafasi
(Maneno ya muuguzi mkunga kwa wakazi wa kata)



Mama mwenye watoto watatu na genge la mboga huamka kabla ya adhana. Akichoka hulaumu kazi. Akitapika hulaumu chakula cha jana. Majuma hupita, naye hufika kliniki tumbo limekwisha kuonekana, akijitetea kwamba huyu ni wa nne, amezoea.

Lakini mimba haina mazoea. Mrija unaojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi wetu hatujajitambua kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo vidonge vya asidi ya foliki hufaa vianze mapema, ikiwezekana kabla ya kushika mimba. Kaswende nayo, ikigunduliwa mapema, hutibiwa kwa sindano kabla haijamdhuru mtoto. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 hupendekeza mahudhurio 8, la kwanza ndani ya wiki 12.

Najua foleni ni ndefu, na genge lililofungwa halileti unga. Basi nasema na akina baba: siku hiyo kaeni gengeni ninyi, au, lililo bora, fuataneni na wake zenu mpimwe pamoja. Na ndoo ya maji mbebeeni tangu leo.

Ukiona damu, ukipata maumivu makali ya tumbo, ukizimia, au ukitapika hata maji yasikae, usingoje siku ya kliniki. Nenda kituoni mara moja, uwe usiku au mchana.