Samaki Mkunje Angali Mbichi: Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Kwenda Haja Nje



Leo nitazungumza juu ya mtoto wa mbwa. Naona wengine mnacheka. Mnasema, "Bwana Elimu leo kakosa la kusema!" Ngojeni kwanza. Jambo hili linagusa afya ya watoto wetu.

Mbwa tunamfuga kwa ulinzi. Analinda mifugo, anafukuza ngedere shambani, na usiku anatuamsha mwizi akija. Mara nyingi tunamchukua akiwa na umri wa wiki nane hivi, akishaacha kunyonya. Kwa kuwa nje kuna baridi na fisi, tunamlaza jikoni. Hapo ndipo shida inapoanza. Anakojoa penye kuni. Anakwenda haja kubwa pale pale watoto wanapokaa kula.

Kuna ubaya gani? Ubaya ni minyoo. Watoto wa mbwa wengi sana wana minyoo. Wanaipata kwa mama yao, tangu tumboni na kwa maziwa. Mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi. Ni madogo mno, huwezi kuyaona kwa macho. Siku za kwanza hayana nguvu ya kuambukiza. Yakikaa udongoni wiki mbili au zaidi, yanakomaa. Tena yanaweza kudumu humo miezi mingi, hata miaka.

Sasa mtoto anayetambaa anashika udongo, kisha anatia mkono mdomoni. Mayai yanaingia tumboni, yanaanguliwa, na viminyoo vinasafiri mwilini. Vinaweza kufika kwenye ini, mapafu, na hata jicho. Likipatwa jicho, mtoto anaweza kupofuka jicho hilo. Je, bado mnacheka?

Basi tufanyeje? Fuateni mambo haya matano.

Kwanza, chagua mahali pamoja nje, mbali na kisima, bustani ya mboga na uwanja wa watoto. Mpeleke hapo kila siku. Harufu yake mwenyewe itamkumbusha kazi iliyompeleka.

Pili, jua saa zake. Mtoto wa mbwa huhitaji kwenda haja akiamka, akimaliza kula, na akimaliza kucheza. Wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili hivi. Basi mtoe mara kwa mara. Mtoe pia kabla ya kulala, na mara moja katikati ya usiku. Mlishe kwa saa zile zile kila siku, ili na haja yake ije kwa saa zile zile.

Tatu, msifu. Akimaliza haja mahali pake, mpapase au mpe kipande cha ugali papo hapo. Usingoje mpaka mrudi ndani, maana hataelewa anasifiwa kwa nini. Sote tunapenda sifa. Mwenzetu aliyepigiwa makofi siku alipoandika jina lake ubaoni, kesho yake aliwahi darasani!

Nne, usimpige. Ukimkuta anakojoa ndani, piga makofi kidogo ashtuke, mbebe, mpeleke nje. Ukimkuta amekwisha maliza, basi, umechelewa. Usimchape, wala usimtie pua katika mkojo. Hajui kosa lake. Atajifunza kukuogopa tu, na kesho atajificha nyuma ya gunia la mahindi akojoe huko.

Tano, safisha mapema. Palipochafuka ndani pasafishe kwa maji na sabuni, harufu iishe, ama sivyo atarudi pale pale. Kinyesi kiondoe siku ile ile kwa jembe au koleo, kabla mayai hayajakomaa. Kitupe katika choo cha shimo au kifukie. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Je, kazi hii ni ya nani? Wengi wetu tunasema, "Mama atafagia." Hapana, mabwana! Mama ana maji, kuni na mtoto mgongoni. Aliyemleta mbwa nyumbani ndiye aamke usiku. Wala msiwaachie watoto wadogo kuokota kinyesi.

Msichoke upesi. Mbwa wengine huchukua miezi minne mpaka sita kuzoea kabisa. Wakati huo, mwoneni bwana mifugo awape dawa ya minyoo ya mbwa. Akifikisha miezi mitatu, apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila mwenye mbwa atazame uwanja wake, aondoe kinyesi kilichopo, achague mahali. Wiki ijayo tutaulizana. Anayejua kusoma hii amsomee na jirani asiyejua, kwani watoto wetu wanacheza pamoja.